Damu Iamkayo Kwanza

Katika mji ule, ambao haukuwahi kupata jina kwa sababu kila aliyetaka kuupa alikumbuka kwamba ana wakubwa zake, na wakubwa zake wakakumbuka wakubwa zao, mpaka shauri likafika makaburini na kubaki huko, mtu hakuulizwa ana umri gani. Aliulizwa anakaa kipandio gani. Nyumba zote zilikuwa ngazi kwanza, vyumba vilikuja baadaye. Chini kabisa, karibu na mlango, alikaa mtoto wa kwanza. Juu yake wa pili. Na hivyo hivyo kupanda mpaka kwa kitinda mimba, ambaye kipandio chake kiligusa kitanda cha mama. Ukitaka kujua kwa nini vitinda mimba wa mji ule walinukia maziwa hata walipoota ndevu, na kwa nini wazaliwa wa kwanza walinukia mafuta ya bawaba na vumbi la njia, jibu ni hilo, usilitafute mbali.

Riziki, mwanamke aliyekwisha kuota mvi, alikaa chini. Jiwe la kipandio chake lilikwisha kubonyea kwa umbo lake, na yeye kwa umbo la jiwe, hata ikawa taabu kujua nani alimzoea mwenzake. Mlango ukigongwa, Riziki aliinuka. Akija muuza samaki, Riziki. Akija jirani aliyeishiwa na chumvi, Riziki. Ukija upepo tu, usio na shida na mtu, ni Riziki aliyeufungulia, akautazama usoni, akaufungia. Hata siku mauti yalipokuja kumchukua baba yao, Riziki ndiye aliyefungua, akayaambia yasubiri mzee amalize chai yake, na mauti yakaketi kwenye ubao wa mlangoni yakapewa nayo kikombe. Wapo wanaosema kikombe hicho kipo mpaka leo. Waongo hao, Riziki alikivunja siku ileile.

Juu yake alikaa Machano, wa kati, mtu mpole aliyejaliwa kipaji cha kutoonekana. Angeweza kuwa chumbani tangu asubuhi na watu wakamtafuta mpaka jioni, naye asiseme kitu, kwa kuwa hakuwa na hakika kama anayetafutwa ni yeye au ni mtu mwingine mwenye jina lake. Juu ya Machano alikaa Tunu, kitinda mimba, mwanamke mzima mwenye kucheka kwa sauti na kulia kwa sauti, ambaye kijiko kikianguka jikoni aliruka kana kwamba paa limeporomoka. Riziki alimpenda Tunu kupita kiasi. Alimpenda na Machano pia, ila kumpenda Machano kulihitaji kwanza kumwona.

Kuna jambo moja kuhusu ngazi zile ambalo hakuna aliyelijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kipandio kisicho chake. Kila kipandio kilikuwa na umri wake. Chini miaka ilikuwa mingi na mizito, ikirundikana kama vumbi linaloingia kwa uwazi wa mlango. Juu, karibu na kitanda, miaka ilikuwa michache na laini, haina hata haraka ya kupita. Watu waliona kwamba mzaliwa wa kwanza ana mvi na kitinda mimba hana, wakasema ndivyo Mungu alivyopanga. Hawakuwahi kulishuku jiwe.

Walichokuwa nacho badala ya shaka kilikuwa elimu. Elimu ya mji ule ilisema hivi: tumbo la mama ni chumba, na anayeingia wa kwanza hulikuta halijawahi kukaliwa, lina baridi na giza lisilozoeleka. Basi damu yake hujifunza kushtuka. Anayekuja nyuma yake hukuta pameshapashwa moto, damu yake hulegea. Wa mwisho hukuta pametandikwa kabisa, naye huja duniani na damu iliyolala chali. Kwa hiyo, wakasema, likitokea jambo la kusisimua, la hofu au la vita au la moto, vichocheo hupanda katika damu ya mzaliwa wa kwanza kabla ya wote na kwa nguvu kuliko wote. Huyo ndiye wa kuwekwa mlangoni. Ukimwuliza mtu wa mji ule amejuaje, atakuonyesha mlango wa kwao, na mzaliwa wa kwanza ameketi pale, na macho yake yako wazi. Ushahidi gani tena unautaka?

Riziki aliiamini elimu hiyo kwa mwili mzima. Iliyataja maumivu ya mgongo wake kwa jina zuri.

Sasa ikatokea kwamba Bi Asumini, mama yao, magoti yalimgomea. Asubuhi moja aliteremsha mguu kitandani, akautafuta uzito wake asiuone, akaurudisha mguu ndani ya shuka akiwa anacheka kwa aibu. Katika mji ule mama asiyeweza kushuka ngazi hana tena sauti juu ya mlango wake. Lazima nyumba ithibitishe mlinzi. Mlinzi akithibitishwa, mama hubaki kitandani kwake mpaka siku yake. Asipothibitika, mlango hung'olewa na mafundi wa mji, na mama hubebwa na godoro lake mpaka Nyumba ya Pamoja, ambako akina mama wote hulala kwenye sakafu moja isiyo na ngazi, na hakuna anayejua ni nani alimzaa nani. Wanatunzwa vizuri huko, husemwa. Wanalishwa uji. Lakini hakuna aliyewahi kusikia mama wa huko akiita mtoto kwa jina.

Kwa Riziki hili halikuwa jambo la kumtia wasiwasi. Yeye alikuwa wa kwanza, damu yake ilikuwa ya kwanza, na kuthibitishwa kwake kulikuwa kama kulithibitisha jua. Alifagia ngazi, akafunga kilemba kipya, akasubiri.

Aliyetumwa alikuwa Bwana Mbaraka, mpima mate. Wapima mate wa mji ule walikuwa watoto wa pekee wote, hilo lilikuwa sharti. Mtu aliyezaliwa peke yake, walisema, hana wa kumpendelea. Bwana Mbaraka alikuwa mwanamume mrefu wa mabega mapole, aliyeingia nyumba za watu akitazama vile vipandio vingi kwa namna ya mtu anayepita mbele ya duka la mikate akiwa na njaa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Mbaraka," akasema Riziki, ambaye alikuwa amekwisha kufungua.

"Starehe. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila magoti."

"Pole zake. Haya, wanangu, kaeni pale mnapokaa, msihame. Kazi yenyewe fupi."

Aliwapa kila mmoja kikombe chenye maji ya maua ya choya, mekundu, yaliyopoa. Kazi ilikuwa hivi: mtu hutema mate kikombeni akiwa ametulia, na maji hubaki mekundu. Kisha mpima hutoka nje, hufunga mlango, na baada ya kimya ambacho urefu wake anaujua yeye, huugonga kwa ngumi kwa nguvu zote. Watoto hutema tena. Aliyeamka damu, mate yake huyageuza maji kuwa rangi ya zambarau. Wa kwanza lazima awe na zambarau iliyoiva kuliko ya wote.

Bwana Mbaraka akatoka. Kimya kikaingia.

Riziki alikaa amekishika kikombe chake, akaisikiliza damu yake. Aliijua, au alidhani anaijua. Sasa, alijiambia, sasa hivi. Amka, we damu. Mimi ni wa kwanza, nimeingia chumba chenye baridi, nimekaa gizani peke yangu kabla ya hawa, nani atashtuka kama si mimi. Amka. Mbona umetulia. Mbona umetulia hivyo, unanitazama. Kimya kilirefuka, na katika kimya hicho, cha ajabu, alihisi moyo wake ukitaka kukimbia, ukikusanya nguo zake. Kisha ngumi ikaanguka mlangoni, na nyumba nzima ikatetemeka, na moyo wa Riziki ukashusha pumzi, ukakaa chini.

Wakatema. Bwana Mbaraka akaingia, akavitazama vikombe kimoja kimoja, akarudia kuvitazama.

Cha Machano kilikuwa kimegeuka kidogo, rangi ya mtu asiyetaka kusumbua. Cha Tunu kilikuwa zambarau nzito, karibu nyeusi, na Tunu mwenyewe alikuwa bado ameushika ukuta. Cha Riziki kilikuwa chekundu. Chekundu kile kile, safi, kama maji ya choya yaliyowekwa mezani kwa ajili ya wageni.

"Umetema kweli?" aliuliza Bwana Mbaraka kwa upole.

"Nimetema."

"Tema tena."

Akatema tena. Chekundu.

Bwana Mbaraka akakaa kwenye ubao wa mlangoni. Hakuwa mtu wa kufurahia shida za watu, na hilo lilizidisha uzito wa maneno yake. "Dada Riziki, hapa pana moja kati ya mawili. Ama wewe si wa kwanza, ama nyumba hii imepinda. Yote mawili sheria yake ni moja."

"Mimi si wa kwanza?" Riziki alicheka. "Bwana Mbaraka, uliza mji mzima. Uliza mlango huu! Nani mwingine ameufungua?"

"Mimi siulizi milango. Napima mate." Akainuka. "Nitazunguka mtaa, niwape nafasi. Nikirudi nitagonga mara ya mwisho. Nyumba iwe imesema ukweli wake, au godoro la mama liwe tayari. Mnisamehe sana."

Mlango ulipofungwa nyuma yake, Riziki alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono. Hebu fikiria mtu aliyeishi miaka yote akijua kwamba uchovu wake una cheo. Kila alipokosa arusi kwa sababu ya mlango, kila posa aliyoirudisha, kila usingizi uliokatwa, alijiambia ni damu, damu yangu iko hivi, wengine hawakupewa. Sasa damu ilikuwa imeitwa mbele ya watu na imesema haina habari. Kama si damu, ni nini basi kilichomkalisha pale? Alitamani kulia lakini hakujua mzaliwa wa kwanza hulia akikaa wapi.

Mimi ni nani, alijiuliza. Kama si wa kwanza, ni wa ngapi. Kama si wa kuinuka, ni wa nini.

"Dada," aliita Tunu kutoka juu, sauti inatetemeka. "Dada, ni mimi nimeharibu. Mimi naruka ruka ovyo. Ningejizuia."

"Nyamaza, mtoto we. Hukuharibu kitu."

"Basi mimi ndiye," alisema Machano. Wote wakageuka, maana walikuwa wamemsahau. "Mimi nipo kati. Kitu kikipinda hupindia katikati."

Hata katika hali ile Riziki alicheka. Ndivyo walivyokuwa wale watatu: msiba ukiingia, kila mmoja aliukimbilia auvae yeye, wakabaki wanavutana nao kama shuka.

Hapo sauti ya Bi Asumini ikashuka kutoka kitandani, nyembamba, ikipita kipandio kwa kipandio. "Riziki. Panda uje."

"Nipande, mama? Na mlango?"

"Uache mlango. Njoo nilipo."

Riziki hakuwahi kupanda ngazi ile tangu akumbuke. Chakula cha mama kilipandishwa kwa kupokezana mkono kwa mkono, na salamu za asubuhi alizipaza kutoka chini. Akaweka mguu juu ya kipandio cha Machano, na Machano akajibana ukutani ampishe. Kitu kikamtoka mgongoni. Alidhani ni kilemba kimefunguka. Akapanda tena, na maumivu ya goti la kushoto, aliyoyazoea kiasi cha kuyaita kwa jina la utani, hayakumfuata. Alipofika kwa Tunu alijikuta anapumua kwa kifua kizima. Tunu akamtazama, akafumba mdomo kwa kiganja.

"Dada! Mvi zako zimekwenda wapi?"

Riziki akajigusa nywele chini ya kilemba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na miguu yake, sijui ilikuwaje, haikugusa sakafu.

Bi Asumini alimshika kidevu, akamtazama sana. Macho ya mama yalikuwa na maji.

"Mwanangu. Kulikuwa na mwingine kabla yako."

Tunu na Machano wakainua vichwa.

"Mvulana. Alikuja kamili, vidole vyote, kucha zote, ila hakulia. Mnajua desturi ya huku. Mtoto asiyelia hakubisha hodi duniani, hahesabiwi, hapewi kipandio. Walimchukua wakanambia nisahau, nitazaa wa kwanza. Nilimpa jina kimoyomoyo. Sijalitamka mpaka leo kwa sababu hakuna aliyeniuliza." Akamshika Riziki mkono. "Ukaja wewe. Ukalia, na mji mzima ukashangilia, huyo wa kwanza, huyo wa kwanza! Na mimi nikanyamaza. Nilikuona umekalishwa chini pale, mahali pa mwenzio, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu. Sikuwa na nguvu ya kubishana na furaha ya watu."

"Mama," alisema Riziki.

"Subiri, sijamaliza. Wale wanasema tumbo. Wanajua nini wao kuhusu tumbo? Ulipokuwa mchanga nilikuogopa. Ukilia nilishukuru, ukinyamaza nilikufa. Kila uliponyamaza nilikugonga mgongoni, hivi." Akampigapiga kwa vidole vilivyokunjwa, nyuma ya bega. "Nikugonge, nisikie pumzi. Nikugonge tena. Ulilala hivyo, ulikua hivyo. Wenzio niliwabembeleza kwa nyimbo. Wewe nilikubembeleza kwa kugonga. Mlango ukigongwa, watu wote wanasikia hatari. Wewe unasikia mama yupo."

Riziki aliyasikia maneno hayo, kisha akayasikia tena, safari hii kwa mgongo. Yule aliyeketi mlangoni miaka yote, aliyeinuka haraka kuliko wote, hakuwa ameinuliwa na hofu hata siku moja. Alikuwa anaitwa, anaitika. Ndiyo maana hakuwahi kugonga meno mauti yalipokuja. Yaligonga kwa adabu, na yeye akayafungulia kwa moyo mweupe. Na ndiyo maana kimya kilimtesa, kile kimya cha adhuhuri ambacho hakuna mgeni, akizunguka nyumba akigusagusa vitu. Elimu yote ya mji, vikombe vyote vya choya, hakuna aliyewahi kupima kimya.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Mama akavuta pumzi. "Mahfudhi."

"Mahfudhi," alisema Machano taratibu, akiwa kwenye kipandio chake.

"Kaka Mahfudhi," alisema Tunu, na tayari alikuwa analia. Jina likashuka ngazi, likapita kwa kila mmoja, likafika chini kwenye kipandio kilichoachwa wazi, na wote wakatazama pale kwa muda, kwa heshima, kama watu wanaompisha mkubwa wao akae.

"Sasa nimewaharibia," Bi Asumini alisema. "Mbaraka akirudi mtamwambia nini? Riziki ni wa pili, mate yake hayageuki. Watauchukua mlango. Mimi si neno, uji nitakunywa. Lakini ninyi mtakaa ngazi isiyokwenda kwa mtu."

Riziki akaruka kutoka kitandani. "Hawachukui mlango. Nashuka."

"Unashuka kufanya nini?" aliuliza Tunu.

"Kukaa pangu! Nani atakaa?"

"Si pako. Umesikia mwenyewe."

"Tunu, usinibishie sasa hivi."

"Nakubishia. Sijawahi kukubishia hata mara moja, acha leo nikubishie." Tunu akasimama. Machozi yalikuwa bado yanatiririka na hakuyajali. "Damu yangu mimi ndiyo iliyoruka. Kama wanataka anayeruka, mimi hapa. Nimeruka juu ya kila kijiko cha nyumba hii, acha niruke mlangoni, iwe na faida."

"Utaogopa."

"Nitaogopa, ndiyo. Kwani anayeogopa hajui kufungua?"

Ngumi ikaanguka mlangoni.

Mwili wa Riziki ukainuka. Haukumwuliza. Miguu ilikwisha kugeuka upande wa chini, mkono ulikwisha kunyooka kutafuta komeo, na ilikuwa tamu, ile raha ya zamani, niko, mama, naja. Tunu akamshika mabega. Alikuwa anatetemeka mzima, meno yanagongana, lakini mikono yake ilikuwa na nguvu.

"Kaa, dada," alisema. "Nitafungua mimi."

Akashuka. Alipofika kwa Machano, akajikwaa, na Machano, ambaye hakuna aliyemtarajia, akaonekana: akamshika mkono wakashuka pamoja. Riziki aliwaona kutoka juu, na kila walivyoshuka ndivyo miaka ilivyowapanda. Mgongo wa Tunu ukainama kidogo. Nywele zake za pembeni zikaingia majivu. Walipolifikia jiwe la chini hawakulikalia. Walisimama pembeni yake, mmoja huku na mmoja huku, wakaacha nafasi katikati. Kisha Tunu akavuta pumzi, akauliza, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, tulivu, ya mtu wa mlangoni.

"Nani?"

"Mimi Mbaraka."

Akafungua. Bwana Mbaraka alisimama na kikombe mkononi, akawatazama wale wawili, akatazama jiwe lililoachwa tupu, kisha akainua macho juu kabisa, akamwona Riziki ukingoni mwa kitanda cha mama yake, mdogo kuliko alivyomwacha.

"Nani wa kwanza hapa?" aliuliza.

"Mahfudhi," alijibu Machano. "Hayupo, lakini ni wa kwanza."

"Na mlinzi?"

"Leo mimi," Tunu alisema. "Kesho huyu kaka. Siku nyingine dada, akitaka, na asipotaka asije. Ukitaka mate yetu chukua. Yangu usiyapime, nakwambia mwenyewe, nimeogopa sana."

Bwana Mbaraka hakunyoosha kikombe. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwetu," alisema, "mimi hubisha mwenyewe, nikaingia, nikajikaribisha mwenyewe. Hiyo ndiyo nyumba ya mtoto wa pekee." Akaishusha mikono. "Nimetumwa nikaone kama mlango huu una mtu wa kuufungua. Nimegonga, umefunguliwa. Sheria haisemi afungue yule yule kila siku. Sisi ndio tulioongeza hilo, sijui lini. Nitawaambia nyumba imethibitika. Wakiniuliza damu ya nani, nitasema niliikuta imechanganyika."

"Ingia basi unywe chai," Tunu alisema.

"Naruhusiwa?"

"We Bwana Mbaraka! Ingia, unaingiza nzi."

Kule juu Riziki aliyasikia yote hayo, kicheko, viti vikivutwa, Machano akiuliza sukari iko wapi katika nyumba aliyoishi miaka yote. Hakuna aliyemwita. Akawa hajui la kufanya na mwili wake, mpaka mama alipojisogeza ukutani akaifunua shuka, na Riziki, mtoto wa pili wa Bi Asumini, akaingia, akalala ubavu, akaweka kichwa pale kwenye mkono wa mama ambapo hajawahi kukiweka tangu akumbuke. Palikuwa na joto.

Bi Asumini akaweka kiganja juu ya kifua chake, akakunja uso.

"Mbona moyo unakwenda mbio hivi? Unaumwa?"

"Mlango uligongwa, mama."

"Nilisikia. Umefunguliwa."

"Ndiyo. Umefunguliwa, na mimi niko huku."

Mama akamvutia shuka mpaka shingoni.

"Uko huku," akasema.